Ndege yetu ikiwa tupu inaruka vizuri, tukiipakia mzigo inaanguka: tubadilishe mota?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi na tunajiandaa kwa mashindano ya kubuni na kurusha ndege ndogo za kubeba mzigo. Bawa la ndege yetu lina mita 2 toka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 30, sawa mwanzo hadi mwisho. Ikiwa tupu ina kilo 2.4 na inaruka vizuri mno, rubani wetu anaisifu. Tulipoipakia vyuma vya kilo 2.4, vikiwa vimeshikwa kwa mkanda wa velkro, ilikimbia mbali kuliko kawaida. Rubani alihofia njia itaisha, akavuta eleveta (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua), ikainuka. Baada ya hapo pua iliendelea kupanda yenyewe, ingawa anaapa alikuwa ameshasukuma eleveta chini. Bawa la kushoto likadondoka, ndege ikajipigiza. Kisanduku cha mzigo kiko nyuma ya boriti kuu ya bawa kwa sababu mbele kumejaa betri na vifaa vya redio. Katikati ya kisanduku ni milimita 140 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Kitovu cha uzito tulikipima ndege ikiwa tupu, kiko milimita 84. Mkia wa mlalo una eneo la mita za mraba 0.09 na uko sentimita 60 nyuma ya bawa. Nusu ya timu inataka mota kubwa zaidi, nusu nyingine inataka tujenge bawa jipya la umbo la S1223. Zimebaki wiki sita. Tufanye nini?"

Marahaba, na poleni kwa ndege. Nawashukuru pia kwa kuleta vipimo, maana wengi huniandikia "ndege yetu inaanguka" wakaishia hapo. Kwa namba mlizonipa, jibu linaonekana hata kabla sijaiona video.

Nikiuelewa vizuri wasiwasi wenu, mnadhani ndege haina nguvu ya kutosha kubeba mzigo mnaoutaka, na mnabishana kama nguvu hiyo itoke kwenye mota au kwenye bawa. Mimi naona tatizo liko kwenye kisanduku. Ndege mliyoipakia vyuma ilikuwa ndege nyingine kabisa, yenye kitovu cha uzito ambacho hamkukipima.

Tukipime sasa. Ndege tupu ni kilo 2.4 na kitovu chake kiko milimita 84. Mzigo nao ni kilo 2.4, uko milimita 140. Kwa kuwa uzito umelingana, kitovu kipya kinaangukia katikati kabisa, milimita 112. Kimerudi nyuma milimita 28. Kwa macho hizo ni upana wa vidole viwili tu, lakini bawa lenu lina milimita 300, na ndege za ukubwa huu huwa zinaishi ndani ya eneo dogo sana.

Eneo hilo lina mpaka wake wa nyuma. Fikirieni mshale na manyoya yake. Mshale ukiyumba, upepo huyapiga manyoya na kuurudisha kwenye njia. Mkia wa mlalo unafanya kazi hiyohiyo: upepo ukiinyanyua pua, mkia nao unapata pembe kubwa zaidi dhidi ya hewa, unainuka, na pua inashuka. Lakini bawa nalo linashindana na mkia, kwa kuwa kani ya ziada ya bawa hutokea karibu na robo ya kwanza ya upana wake. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma ya robo hiyo, bawa huwa linataka kuipandisha pua zaidi. Kuna mahali ambapo bawa na mkia vinatoshana nguvu. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya hapo, ndege hujirekebisha. Kikiwa palepale, ndege hukaa popote mlipoiacha. Kikipita kwenda nyuma, kila yumbo huzaa yumbo kubwa zaidi.

Mpaka wenu uko wapi? Zidisheni eneo la mkia kwa umbali wake kutoka kwenye bawa, kisha mgawanye kwa eneo la bawa mara upana wake: 0.09 × 0.6, gawanya kwa 0.6 × 0.3. Jibu ni 0.30. Ndege nyingi za mfano zinazotulia angani huwa na 0.4 hadi 0.6, kwa hiyo mkia wenu ni mdogo. Kwa mkia wa kiasi hicho mpaka unaangukia karibu na asilimia 38 ya upana wa bawa, takriban milimita 114, na kiwiliwili cha ndege kwa kawaida huusogeza mbele kidogo zaidi. Ndege tupu ilikuwa milimita 30 mbele ya mpaka, yaani asilimia 10 ya upana wa bawa. Hiyo ni akiba nzuri, ndiyo maana rubani anaisifu. Ndege yenye mzigo ilibakiwa na milimita 2.

Sasa ongezeni velkro. Ndege inapochomoka, kila kitu ndani yake kinataka kubaki nyuma, na pua ikipanda, mvutano wa dunia unasaidia kukivuta huko huko. Velkro huzuia vizuri kuteleza, ila kwenye kubanduliwa ni dhaifu, na ikianza kubanduka ukingoni au gundi yake ikiachia povu, vyuma vinabaki huru kuteleza. Vyuma vikiteleza sentimita 4 tu, kitovu cha uzito kinakwenda milimita 132, na hapo mko nyuma ya mpaka kwa milimita 18. Ndege ya namna hiyo haimsikii rubani kwa muda mrefu, hata akisukuma eleveta yote. Rudieni video polepole mkitazama pua. Ikiwa ilianza kupanda taratibu na kuongeza kasi ya kupanda bila mkono wa rubani, basi ninyi mlikuwa mpakani. Ikiwa ilichupa ghafla, vyuma vilisogea. Tazameni pia mahali vyuma vilipokutwa ndani ya mabaki, na kama hamkupiga picha kabla ya kuvitoa, muulizeni aliyeokota.

Magurudumu nayo yaangalieni. Ikiwa mna gurudumu la mbele, magurudumu makuu yanapaswa kuwa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Mliyapanga kwa ndege tupu. Mzigo ukirudisha kitovu hadi juu ya magurudumu yenyewe, pua inakuwa nyepesi na ndege inainuka kabla haijaiva.

Kutoiva huku ndiyo sehemu ya pili ya ajali yenu, na hapa rubani ana mchango wake, ingawa simlaumu. Kasi ya chini kabisa ambayo bawa linaweza kuishikilia ndege hewani hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito. Nikichukulia bawa lenu linatoa mgawo wa kani ya kuinua (namba inayoonyesha bawa linainua kiasi gani kwa eneo na kasi ileile) wa 1.3 pale linapofikia kikomo, na hewa ya usawa wa bahari yenye kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ndege tupu inahitaji mita 7 kwa sekunde. Ikiwa na mzigo inahitaji karibu 10. Kwa usalama, msinyanyue kabla ya kufika mara 1.2 ya kiwango hicho: mita 8.4 kwa ndege tupu, na 12 kwa ndege iliyopakiwa. Tatizo ni njia ya kuifikia kasi hiyo. Uzito ukiwa maradufu, kipeo cha pili cha kasi mnayoihitaji kinakuwa maradufu, na wakati huohuo mota ileile inaisukuma ndege kwa nusu ya mchapuko wa mwanzo. Vyote viwili vikikutana, umbali wa kukimbia unakuwa mara nne, na kwa kweli unazidi hapo ukihesabu msuguano wa magurudumu. Iliyokuwa inainuka ndani ya mita 8 sasa inadai mita 32 au zaidi. Rubani aliyezoea ndege tupu lazima aone njia inaisha. Akavuta mapema, bawa likabeba ndege kwa shida kwenye pembe kubwa, pua ikaendelea kupanda, na hewa ikashindwa kufuata mgongo wa bawa. Marubani huiita hali hiyo stoli.

Kwa nini lilidondoka la kushoto? Propela nyingi za ndege hizi, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kufuata saa, na mwili wa ndege hujibu kwa kutaka kujipindua kushoto. Kwenye kasi kubwa hamuoni. Kwenye kasi ndogo na mota imefunguliwa yote, inaonekana. Rubani karibu kila mara hujibu kwa kuipeleka eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) kulia, na hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi: eleroni ya kushoto inashuka, inaliongezea pembe lile bawa ambalo tayari limezidiwa na pembe, na linakufa moja kwa moja. Mwambieni azoee kushusha pua kwanza na kulisimamisha bawa kwa usukani wa mkia. Afanye mazoezi hayo na ndege tupu, juu sana, mpaka mkono ujue wenyewe.

Nirudi kwenye mota sasa. Sisemi haina faida. Mota yenye nguvu ingefupisha mbio za kuruka, na hilo mnalihitaji. Lakini kuna mtego ambao nimeuona ukiwadanganya watu wazuri. Mota kubwa ni nzito, na inakaa puani. Gramu 150 za ziada, zikiwa milimita 200 mbele ya bawa, zinakisogeza kitovu chenu cha uzito kutoka 112 hadi kama 102, na akiba inapanda kutoka karibu sifuri hadi asilimia 4. Ndege ingeruka kwa tabu, mkashangilia, mkaandika kwenye ripoti kwamba nguvu ilikuwa ndogo. Siku mkipakia kilo 3 mngeanguka tena bila kujua sababu.

Halafu someni kanuni za mashindano yenu kabla ya kugusa mkoba. Air Cargo Challenge ya Ulaya, iliyoanza Ureno mwaka 2003, huzitaka timu zote zitumie mota iliyotajwa kwenye kanuni. Aero Design ya SAE, jumuiya ya wahandisi yenye asili ya Marekani, iliyopo tangu mwaka 1986, kwenye daraja lake la Regular hufungisha kifaa kinachobana nguvu ya umeme kutoka kwenye betri, kwa hiyo mota kubwa haiwapi kitu. Mahali penye vizuizi vya namna hiyo, kama kanuni zinawaachia kuchagua propela, faida iko hapo. Propela yenye kipenyo kikubwa zaidi na mpando mdogo (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) hutoa msukumo mwingi zaidi kwenye kasi ndogo kwa umeme uleule, na kasi ndogo ndiyo mnayoishi nayo mkiwa na mzigo. Ndege itapoteza kasi ya juu, na sidhani kama mtaililia. Kila mkibadilisha propela, pimeni ampea kwa mita ya wati ndege ikiwa imefungwa imara, watu wote wakiwa nyuma ya mzunguko wa propela. Na msidanganywe na msukumo wa mezani: msukumo hupungua ndege inapoongeza mwendo, kwa hiyo propela mbili zinazolingana kwenye mizani zinaweza kutofautiana sana kwenye mita 10 kwa sekunde.

Kuhusu S1223, naelewa inakotoka hamu. Ni umbo lililobuniwa na Michael Selig wa Chuo Kikuu cha Illinois mahsusi kwa kasi ndogo, na mgawo wake wa kani ya kuinua unavuka 2, jambo ambalo maumbo ya kawaida hayaliwezi. Kwenye mashindano ya kubeba mzigo utaliona kila mwaka. Lakini lina madeni. Linaisukuma pua chini kwa nguvu, na mkia wenu, ambao tumeshaona ni mdogo, ndio utakaolipa kwa kusukuma chini muda wote na kuila sehemu ya kani mliyoipata. Ukingo wake wa nyuma ni mwembamba kama karatasi na umepinda; kwa balsa ni kazi ya subira, na ukikosea kidogo hupati umbo ulilolisoma. Namba za kwenye XFLR5 nazo zisiwapandishe mori. Programu hiyo inatumia hesabu za XFOIL ya Mark Drela wa MIT, ni nzuri sana kwa kulinganisha mabawa, ila karibu na stoli huwa ina matumaini kuliko hewa yenyewe. Kwa bawa la sentimita 30 kwenye mita 10 kwa sekunde, namba ya Reynolds, inayopima kasi na ukubwa wa bawa dhidi ya unata wa hewa, ni kama 200,000. Ndege za abiria zinaruka kwenye makumi ya mamilioni. Katika dunia yenu ndogo hiyo, kikunyanzi cha utepe kwenye ukingo wa mbele kinabadilisha matokeo. Kwa wiki sita, nisingejenga bawa jipya.

Ningefanya nini mimi? Ningekihamisha kisanduku. Katikati ya mzigo ikae juu ya kitovu cha uzito cha ndege tupu, au milimita chache mbele yake. Mkiuweka kwenye milimita 80, ndege iliyojaa itakuwa na kitovu kwenye 82, na ndege tupu 84. Rubani hataona tofauti ya tabia, ataona uzito tu. Najua mtaniambia hapo kuna boriti na betri. Mzigo unaweza kuning'inia chini ya boriti, au kugawanywa vipande viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma yake, mradi wastani wao uangukie mahali pake. Betri isogee mbele, vifaa vya redio virudi nyuma kuisawazisha. Ni kazi ya kukata na kugandisha ya siku chache. Vyuma vifungwe kwa boliti au pini inayopita ndani yake. Velkro ibaki kwa kipokezi cha redio.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina bei yake. Mnaweza kutia risasi puani: kukirudisha kitovu hadi milimita 90 mnahitaji kama gramu 310, zikiwa milimita 250 mbele ya bawa. Itafanya kazi leo jioni, lakini ni gramu 310 ambazo hakuna hakimu atakayewapa alama. Mnaweza kurefusha boriti ya mkia kutoka sentimita 60 hadi 90. Mpaka wa utulivu utarudi nyuma hadi kama milimita 133, na kwenye karatasi mmepona. Tatizo, mkia wenye gramu 200 ukipelekwa sentimita 30 nyuma, unakivuta kitovu cha uzito nyuma kwa zaidi ya milimita 12, kwa hiyo karibu theluthi mbili ya faida inaliwa palepale. Afadhali kuongeza eneo la mkia kidogo bila kuurefusha, baada ya kuhamisha mzigo, mkiona bado ndege ina wepesi wa kuyumba.

Kupunguza mzigo nako ni uamuzi wa kihandisi, wala hakuna aibu ndani yake. Chukueni fomula ya alama za mashindano yenu, mweke mzigo wa kilo 1.5, 2, na 2.4, mzidishe kila mmoja na uwezekano wa kweli wa kumaliza mzunguko salama. Mara nyingi timu inayoruka kila raundi na mzigo wa wastani huishinda ile iliyopakia sana ikaruka mara moja. Ripoti nayo msiidharau: kwenye mashindano ya Design/Build/Fly ya AIAA, taasisi ya Marekani ya wahandisi wa ndege na vyombo vya anga, yaliyoanza mwaka wa masomo wa 1996–97, alama za ripoti huzidishwa na alama za kuruka, kwa hiyo ripoti mbovu inakula kila misheni mliyoikamilisha. Na kama ripoti yenu imeshawasilishwa, angalieni kanuni zinataka mabadiliko ya kisanduku yatangazwe vipi. Usiri kwenye ukaguzi huwagharimu watu zaidi ya mabadiliko yenyewe.

Mkishajenga, msiruke na kilo 2.4 mara ya kwanza. Anzeni na gramu 600, kisha 1,200, kisha 1,800. Kila hatua mpime kitovu cha uzito upya kwa mizani chini ya magurudumu, ndege ikiwa imepakiwa kama itakavyoruka, betri ndani, vifuniko vimefungwa. Andikeni namba kwenye daftari moja. Ndege ikiwa juu na imetulia, rubani aishushe pua taratibu kidogo kisha aachie eleveta. Ikijiinua polepole, akiba ipo. Ikibaki ilivyo au ikazidi kuzama, atue, msogeze mzigo mbele kabla ya kuongeza hata gramu moja. Njia ya kukimbilia wekeni alama ya utepe mahali ambapo hesabu inasema kasi imetimia, na rubani asiguse eleveta kabla ya utepe. Akiupita na ndege haionyeshi nia, afunge mota. Kusimama kwenye majani kunavunja gurudumu tu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Bawa lililojipigiza linaweza kuonekana zima huku boriti yake imepasuka ndani. Ipakieni ndege mzigo wote kisha iinueni kwa ncha za mabawa, watu wawili, karibu na ardhi. Jaribio hilo, linalofanywa pia kwenye ukaguzi wa Design/Build/Fly, linalitesa bawa karibu sawa na mzunguko wa mara mbili na nusu ya uzito. Mkisikia mlio, au bawa moja likipinda zaidi ya jingine, mpelekeeni mtu anayejenga mabawa alifungue mbele yenu. Betri iliyokuwa ndani ya ajali ikivimba au ikipata joto bila kutumika, msiichaji tena hata kama volti zinasoma vizuri. Iwekeni nje, mbali na vitu vinavyoungua, mpaka ipate wa kuiteketeza salama. Na ruko la kwanza baada ya matengenezo mpeni rubani mzoefu wa chama cha ndege za mfano kilicho karibu nanyi, katika uwanja ulioruhusiwa, rubani wenu akisimama pembeni yake. Mkishahamisha mzigo na kitovu kikapimwa kuwa mbele ya milimita 90, kisha pua bado ikapanda yenyewe, msiniandikie tena: mpelekeeni mtu huyo ndege na daftari, aikague kwa mikono, aanze na pembe ya mkia dhidi ya bawa.